Hii siyo Mbweni: shajara ya kurudi kuposti picha za pwani

Mei 11

Diski imewaka. Nilishajiandaa kwa msiba, maana imekaa miaka mitano kwenye droo pamoja na chaja zilizokufa na risiti za LUKU, na ukiitikisa inatoa sauti kama ina punje ya mchele ndani. Imenguruma kidogo, ikanyamaza, halafu mafolda yakajitokeza yote: 2014 mpaka 2019, fukwe za hapa Dar es Salaam, Coco, Kunduchi, Ununio, Mbweni, Kigamboni, na moja nililolibatiza KALI TU.

Nimeanza na hilo la KALI TU na nimeona aibu. Mawingu yote yana rangi ya Fanta. Bahari yote imelainika kama maziwa, kwa sababu siku hizo nilikuwa na filta nyeusi ya kupunguza mwanga na sikujua kuiacha nyumbani. Hakuna mtu hata mmoja. Hakuna nguzo ya umeme, hakuna chupa, hakuna mbwa. Nilikuwa nawafuta kwenye kompyuta mmoja mmoja, usiku mzima, nikiona hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nyingine zimekatwa mraba, maana mpaka Agosti 2015 Instagram ilikuwa haipokei umbo jingine, na mimi kwa ujinga wangu nilikata kisha nikafuta picha mama.

Kabla sijaandika kwa nini narudi, niandike kwanza kwa nini niliacha. Nikichelewa nitapamba.

Nilimtumia Mama Mdogo picha. Anakaa Mbweni tangu mimi niko shule ya msingi, na kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye maji ukirusha jiwe linafika. Akanipigia. "Nzuri baba, ila hapa ni wapi?" Nikamwambia ni Mbweni, Mama, hapo kwenu, ukishuka tu kwenye mikoko. Kimya. Nikasikia anaongea na mtu pembeni, wanaivuta kwa vidole. Akarudi: "Hii siyo Mbweni. Mbweni hatuna maji ya rangi ya Vimto. Na mikoko yetu umeipeleka wapi?" Wala hakuwa ananisema. Alidhani nimekosea kutuma.

Hiyo ya kwanza. Ya pili nilijichongea mwenyewe. Niliweka picha ya Coco Beach, jua limekalia maji, nikaandika "machweo", kwa sababu nilishaona neno hilo linavuta laiki kuliko alfajiri. Mtu mmoja akaandika chini: "Kaka, Coco jua linazama Kinondoni." Hakuongeza kitu. Na ndivyo ilivyo, pwani yetu inatazama mashariki, jua linatokea baharini na kujificha nyuma ya majumba. Anayetaka machweo juu ya maji apande pantoni avuke Kigamboni, ageuke autazame mji. Mimi nimezaliwa hapa hapa, na bado nilidanganya kuhusu jua.

Ya tatu naiandika kwa shingo upande. Kuna mahali nilipaposti na alama ya ramani juu yake. Sipataji tena, hata humu. Niliporudi baada ya miezi michache nilikuta wamepita watu wa picha za harusi: mabaki ya moshi wa rangi, chupa za plastiki zimenasa kwenye mizizi ya mikoko, na matawi mawili ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, yamekatwa ili bibi harusi apate pa kusimama. Sikuwatuma. Njia niliwachorea mimi.

Nikaacha, bila tangazo. Nilibaki na picha za pasipoti na harusi, ndizo zinazolipa kodi.

Mei 13

Mpango wenyewe. Picha 12, kutoka Mbweni mpaka Kunduchi tu, moja kwa kila bamvua. Bamvua, zile siku bahari inapojaa sana na kutoka sana, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa hiyo hesabu inanifikisha Novemba. Chini ya kila picha: tarehe, saa, maji yako vipi, upepo upi. Hakuna alama ya ramani. Nitaandika "Mbweni", basi, na Mbweni ni kubwa. Hakuna kumfuta mtu wala nguzo.

Na hakuna picha inayopanda kabla Mama Mdogo hajaiona na kusema ni kwao. Kwa Kunduchi na Ununio itabidi nitafute mtu wa hukohuko. Mama Mdogo mwenyewe bado sijamwambia kwamba ana kazi.

Mei 18

Kamera ni nzima, Canon 60D ile ile niliyonunua ya mkononi Kariakoo. Lenzi ndiyo imeoza. Nimeimulika kwa tochi ya simu kutokea nyuma, ndani kuna kitu kama utando wa buibui mchanga, nyuzi zinaanzia ukingoni zinatambaa kwenda katikati. Kuvu. Nilijitakia: mkoba wa ngozi, droo iliyofungwa, unyevu wa Dar, giza, miaka mitano. Ukitaka kufuga kuvu huhitaji zaidi ya hapo.

Fundi kaifungua mbele yangu, kaisafisha, kanirudishia. Akanionyesha kwa kuinamisha kioo kwenye mwanga: nyuzi zimetoka ila alama zake zimebaki, kama mtu aliyefuta chaki kwenye ubao bila maji. "Ikishakula ule utando wa juu ya kioo hairudi. Itapiga, ila usiielekeze kwenye jua." Nimeijaribu nje ya duka lake. Nikiwa na jua mgongoni picha iko safi kabisa. Nikiligeukia, picha nzima inafifia, nyeupe, kama umepiga kupitia nailoni.

Kwa hiyo macheo yameshajitoa kwenye mradi huu yenyewe. Sina hela ya lenzi nyingine.

Kamera sasa inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu. Kuna wanaoweka mchele. Mchele una vumbi, mimi siutaki karibu na kamera.

Mei 28

Siku imepotea, na imepotea kwa sababu ya saa.

Programu ya maji kwenye simu inatumia saa za Kizungu. Ilisema kupwa 10:20. Jana usiku nikamtumia Mama Mdogo ujumbe: "Kesho 10:20 nakuja kupiga picha maji yakiwa yametoka, naomba mtu wa kunionyesha njia kwenye mikoko." Nikatoka Sinza mapema, daladala mpaka Tegeta, boda mpaka kwake, nimefika saa nne kasoro. Geti limefungwa, yeye yuko sokoni, simu iko ndani inaitia hapo hapo dirishani. Kuingia kwenye tope peke yangu sikuthubutu. Lile tope mwaka 2017 lilinivua kandambili na mpaka leo halijarudisha.

Amerudi mchana, akashangaa kunikuta barazani. Shikamoo, marahaba, mbona mapema?

"Si nilikwambia saa nne na dakika ishirini, Mama."

"Umeandika kumi na ishirini." Akanionyesha simu. "Nikasema huyu mtoto ana lake. Saa kumi bamvua imejaa mpaka huku kwenye ukuta, sasa atapiga picha ya nini, ya samaki?"

Na ndivyo lilivyo jambo, na mimi miaka yote hiyo ya kupiga picha ufukweni sikuwahi kulijua kwa ukamilifu wake. Huku kwetu bamvua ina saa zake: inajaa alasiri kwenye saa kumi na usiku wa manane kwenye saa hiyo hiyo, na inakauka saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50, lakini mpaka isogee vya kutosha ili kupwa kuangukie alfajiri, bamvua imeshakwisha, mko kwenye maji mafu, na bahari haiondoki mbali. Maana yake ule mwanga wa dhahabu niliokuwa naufukuzia na ule ufukwe uliokauka kabisa havikutani. Kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua ni mita tatu na zaidi, pwani nzima inavua nguo, na inafanya hivyo saa nne asubuhi, saa ambayo mimi nilikuwa nimeshafunga mkoba narudi kunywa chai.

Nimelala hapa hapa. Kesho kupwa ni saa tano na kitu. Nimeandika kwa Kiswahili.

Mei 29

Imepatikana. Nimetoka kunawa miguu, naandika kabla sijasahau.

Tumeshuka saa nne na robo, mimi na kijana wa jirani. Njia yenyewe si njia: unafuata mkondo mdogo ambao maji yanatokea wakati wa kupwa, kwa sababu chini yake kuna mchanga, pembeni ndiko kuna tope la kukumeza mpaka magoti. Kijana anatembea kama yuko lami. Mimi nilikuwa nimeshika tripodi kama mkongojo.

Halafu mikoko ikafunguka, na mbele yetu pakawa hakuna bahari. Ilikuwa imeondoka. Mstari mweupe mbali, na katikati mchanga, madimbwi, majani ya bahari yamelala upande mmoja, na wanawake watano na ndoo zao.

Nimechuchumaa kwanza kwenye michu. Mchu hupumulia mizizi inayochomoza juu ya tope, imesimama wima kama penseli, mamia kwa mamia, kila mmoja una urefu wa kiganja. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba saa tano ya Dar mwanga ni mbovu, unatoka utosini, hauna vivuli. Oktoba na Machi, sawa, ndipo jua linapotusimamia kichwani hasa. Lakini sasa limeelemea kaskazini, na saa ile kila penseli ilikuwa na kivuli kinachokaribia urefu wake mwenyewe, vyote vimelalia kusini magharibi. Tope zima lilikuwa limeandikwa. Kati ya penseli na penseli kuna tundu, na kwenye tundu kaa wadogo wale wenye gando moja kubwa. Ukifika wanapotea wote kwa mkupuo. Ukitulia, unaanza kuona gando moja, halafu la pili, halafu tope lote linapunga mkono. Kijana aliniuliza kama naumwa, kwa jinsi nilivyokaa kimya.

Picha niliyoijia ilikuwa ya kutazama baharini. Nimeijaribu, jua liko kaskazini mashariki, lenzi ikafanya ule ukungu wake. Basi nikatembea. Nikatoka mpaka wanawake walipo, nikageuka, jua mgongoni, nikaitazama Mbweni kutokea baharini. Sikuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Picha zangu zote za pwani mgongo uko kwa watu.

Nikaomba ruhusa kwanza. Mmoja mwenye ndoo ya bluu akacheka, akasema piga tu, ila kombe zangu usizihesabu. Mwingine akasema, "Mimi usinitoe." Zamani ningepiga, nikamfuta usiku. Leo nimesubiri. Alikuwa anachimbua taratibu kwa kijiti, anasogea hatua mbili, anainama tena, na mimi nimesimama na waya wa kufyatulia mkononi kama dakika 20 mpaka akatoka upande wa kulia wa fremu. Ndani ya dakika hizo wingu likaja, likaondoka, na ule wa ndoo ya bluu akasogea mbele mahali ambapo nisingeweza kumpanga hata ningemlipa.

Kamera niliiweka f/8, moja ya 400 ya sekunde, ISO 100. Saa tano kasoro dakika tano. Upepo wa kusi, mdogo.

Wakati wa kurudi mguu mmoja wa tripodi umegoma kufunga, mchanga umeingia kwenye koki. Nimeuchemsha... hapana, nimeusuuza kwa maji baridi, bado unasaga.

Juni 2

Kuhariri. Hapa ndipo nilipokuwa naharibu, kwa hiyo nimekwenda kwa uoga.

Faili ghafi la kamera, ukilifungua tu, limepooza. Lazima ulifanyie kitu, na kila "kitu" ni uamuzi. Nikapandisha utofauti wa mwanga na giza kidogo, nikasogeza rangi kuelekea joto kidogo, nikamtumia Mama Mdogo. Nimemtumia kama nyaraka, siyo kama picha, maana WhatsApp ukituma picha kawaida inaiminya mpaka penseli za mchu zinakuwa uji. (Angalizo kwa mwenye kutumia simu kupigia: faili likienda kama nyaraka linabeba na kumbukumbu ya mahali lilipopigwa, kama hukuzima. Kamera yangu haina habari hizo, ndiyo maana nimetulia.)

Jibu: "Tope limekuwa jekundu."

Nikarudisha rangi. Nikalifanya tope kijivu. Anga likawa bluu safi. Nikatuma.

"Hilo anga la lini? Siku ile kulikuwa na utusitusi."

Kweli kulikuwa. Nikapunguza. Nikatuma ya tatu, akasema bado tope lina wekundu. Nikaanza kuwaka moyoni. Nimekodolea kompyuta saa nzima natafuta wekundu, hakuna wekundu. Jioni nikapanda gari nikaenda mwenyewe, nikamkuta ameshika simu na kioo chote cha njano. Mjukuu wake alimwashia ile hali ya kulinda macho usiku, na haikuwahi kuzimwa. Kila picha aliyoiona tangu mwaka jana ina rangi ya chai. Tumecheka mpaka jirani akachungulia.

Tumeizima, tukatoka nje kivulini, akaitazama ya tatu upya. Alikaa nayo. Akaivuta, akaitembeza kutoka kushoto kwenda kulia, mti kwa mti: mchu, mchu, huu mkoko, ile nyumba ya mwalimu, nguzo iliyoinama.

"Hii sawa," akasema. "Ndivyo panavyoonekana ukiwa unarudi na ndoo."

Kuhusu rangi ya tope hatimaye tumekubaliana kwamba ni ya ugali wa mtama uliolala.

Juni 4

Nimeposti ya kwanza tangu 2019.

Nimeiacha mlalo, kama kamera ilivyoiona. Najua kwenye simu picha ya mlalo inapata kipande chembamba katikati ya kioo, ya wima ndiyo inayomsimamisha mtu. Faili langu lina nukta 5184 kwa upana, Instagram inalibana mpaka 1080, kwa hiyo mizizi yote ile niliyoichuchumalia inageuka vumbi. Dawa niliyoipata ni kuweka fremu mbili: picha nzima, halafu kipande chake kimoja kwa ukaribu. Chini nimeandika: *Mbweni, Mei 29, saa 4:55 asubuhi. Bamvua, maji yanamalizia kutoka. Kusi dogo.*

Laiki 31. Zamani chini ya 300 nilikuwa nafuta. Nimeiacha.

Mtu mmoja kauliza mbona pakavu, bahari iko wapi. Na mwingine, simfahamu, kaandika kwamba amekulia Mbweni na sasa yuko Mwanza, na ule mchu wa kushoto walikuwa wanafungia ngalawa. Nimemuuliza Mama Mdogo. Anasema ni kweli, na kwamba kamba imeacha kovu upande wa nyuma, usioonekana kwenye picha.

Juni 12

Kunduchi, bamvua ya pili. Safari hii nimekwenda kwa kujaa, saa kumi jioni, kwa heshima ya ule ujumbe wangu.

Daladala ya Tegeta inapita kituo cha Africana. Konda anaita, watu wanashuka, na hoteli ya ufukweni iliyokuwa na jina hilo ilishaachwa siku nyingi baada ya bahari kuula ufukwe wake. Jina ndilo lililonusurika, likahamia barabarani. Hadithi ya Kunduchi wenyeji wanaijua tangu miaka ya sabini na themanini: mchanga unaoshushwa na mito midogo ya Tegeta na Mbezi ndio uliokuwa ukiulisha ufukwe, watu wakauchota mtoni kujengea, na bahari ikaendelea kudai kilicho chake. Matuta ya mawe yaliyoingizwa majini mbele ya mahoteli yanakamata mchanga upande mmoja, upande wa pili unakonda.

Nimekuja na picha ya zamani, ya mwaka 2016: mvinje umeinama kuelekea majini, mizizi yake nje nusu, jioni. Nataka kupiga upya nikiwa nimesimama pale pale, lenzi kwenye milimita 18 zile zile. Nimepanga ukingo wa ukuta na kona ya paa moja la makuti lililobaki, nikarudi nyuma, nikasogea kushoto, nikarudi nyuma tena, mpaka vikakaa sawa. Vilipokaa sawa nilikuwa kwenye maji ya mapajani na kamera juu ya kichwa. Mvinje hakuna. Hata kisiki hakuna.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika maneno makali kichwani. Halafu nikajiuliza: siku ile ya 2016 maji yalikuwaje? Sikuandika. Niliandika "utulivu".

Nyumbani nimefukua. Faili linasema saa 11:08 jioni. Saa ya kamera naiamini, kwa sababu picha inayofuata kwenye folda hilo ni ya ukumbi wa harusi, na ukutani kuna saa, na zinakubaliana. Tarehe nimeilinganisha na mwezi: ilikuwa karibu na maji mafu. Basi siku ile bahari isingefika mbali kwa vyovyote, na leo ni bamvua imejaa. Kusimama kwangu majini hakuthibitishi kitu. Mvinje kutokuwepo, hilo ni jambo jingine, mti haupwi ukajaa.

Nimemtafuta mzee mmoja pale soko la samaki, nikamwonyesha zote mbili. Shikamoo mzee. Marahaba mjomba. Akaitazama ya zamani muda mrefu kuliko mpya. "Huu uliondoka na kusi," akasema. Mwaka hakuukumbuka, nami sikumlazimisha. Akaniambia niende juu kidogo, kule kwenye makaburi ya kale yenye nguzo, yale yaliyopachikwa sahani za Kichina, nikapige mibuyu, kwa sababu mibuyu haiendi popote.

Nitaziposti mbili pamoja siku ya maji mafu, baada ya kurudi kupiga kwenye saa na maji yanayolingana. Hii ya leo ni rasimu.

Juni 20

Maji mafu jana, na leo bado. Nilikuwa nirudi Kunduchi. Mamlaka ya Hali ya Hewa wametoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi, kusi limekaza, na hata pantoni nasikia inayumba. Nimepiga picha za pasipoti 14 na mtoto mmoja aliyekataa kufumbua macho.

Tripodi imepona. Mafuta ya cherehani.

Juni 27

Bamvua ya tatu, Mbweni, imefeli. Mvua ya ghafla saa nne, mimi na kijana tumejibanza chini ya mkoko ambao haukingi kitu. Ilipokatika maji yalikuwa yameshaanza kurudi, na kijana akasema tutoke sasa hivi, hapa yanakuzunguka kwa nyuma kupitia mkondo kabla hujayaona mbele. Tulipofika juu nikageuka. Pale tulipokuwa tumesimama pamekuwa kijito.

Picha 12 kufika Novemba haiwezekani tena kama hesabu ilivyokuwa. Nitasogeza mwisho. Sitajaza pengo kwa kutoa kitu kwenye KALI TU, ingawa jana usiku nililifungua, nikaiangalia moja ya Ununio kwa dakika kama tano.

Julai 5

Nimeichapisha ile ya kwanza kwenye karatasi nzito, ukubwa wa A3, na maandishi yake chini kwa herufi ndogo. Sikuwa na mpango wa kuchapisha. Ila Mama Mdogo aliomba, alisema simu inazima na vitu vyake.

Nimemkuta barazani na wenzake wawili, mmoja ni yule wa ndoo ya bluu. Karatasi ikapita mikono. Wakaanza na miti, wakaenda kwenye nyumba, wakabishana kuhusu nguzo. Yule wa ndoo ya bluu alikuwa kimya, amesogeza uso karibu. Nikadhani hajipendi alivyotoka.

"Ndoo hii," akasema, "si ndiyo?"

Kumbe ndoo siyo yake. Aliiazima kwa jirani wa nyumba ya tatu, akairudisha, anasema, siku ile ile jioni, na jirani anasema haijarudi mpaka leo na kwamba kwanza aliiazima mwezi wa nne. Wameacha kusalimiana.

Mama Mdogo akaichukua picha, akainyoosha mkono mbali kama wanavyofanya wasio na miwani, akaniuliza hapo chini pameandikwaje. Nikamsomea: Mbweni, Mei 29, saa 4:55 asubuhi.

"Mei ishirini na tisa."

"Ndiyo, Mama."

"Basi mwezi wa tano alikuwa nayo, siyo wa nne." Akaikunja picha kwa ulaini, picha niliyoilipia, akajitanda khanga, na wote watatu wakatoka nayo getini wakaelekea nyumba ya tatu.